Ronald Acuña Jr.: majeraha ya magoti, kupona kwake na thamani yake katika besiboli ya fantasi (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali haya ni yale yanayorudi kila Machi watu wanapojiandaa kuchagua wachezaji, na tena kila mara jina kubwa linapoingia kwenye orodha ya majeruhi. Mengi yanamhusu Acuña wa Atlanta Braves, kwa kuwa ameumia vibaya mara mbili na kurudi mara mbili kwa sura tofauti. Takwimu zake zinaishia mwisho wa msimu wa 2025.

## Mambo ya msingi

Acuña ni nani, na kwa nini watu wako tayari kumsubiri mwaka mzima?

Ni mlinzi wa uwanja wa nje upande wa kulia, mzaliwa wa Venezuela (18 Desemba 1997). Aliingia Ligi Kuu ya Marekani Aprili 2018 na mwaka huohuo akatwaa tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa National League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu.

Mwaka 2023 alifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: homurani 41 (mapigo yanayomwezesha kuzunguka besi zote) na besi 73 za kuiba (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) katika msimu mmoja. Alipata tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa kura zote za nafasi ya kwanza. Wapo wanaopiga homurani 40, na wapo wanaoiba besi 50. Anayeleta vyote viwili huku akiwa na wastani wa kupiga wa .337 ni kama wachezaji wawili waliokaa katika nafasi moja ya kikosi chako. Ndiyo maana goti lake linapopata shida, ligi nzima inasimama kusikiliza.

Besiboli ya fantasi inahesabiwaje?

Kama umecheza FPL, fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza, msingi unaujua: unachagua wachezaji halisi na wanachokifanya uwanjani kinakuwa hesabu yako. Tofauti kubwa ni umiliki. Kwenye FPL watu milioni wanaweza kuwa na Haaland mmoja. Kwenye ligi ya kawaida ya besiboli yenye mameneja 10 au 12, kila mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Ukimwacha Acuña kwa sababu ameumia, jirani yako anamchukua, na akipona anakuumiza wewe.

Mfumo wa zamani na ulioenea zaidi una vipengele vitano vya wapigaji: wastani wa kupiga, homurani, mikimbio (mara alizozunguka besi zote na kufika nyumbani), mikimbio aliyowaletea wenzake, na besi za kuiba. Mameneja hupangwa katika kila kipengele. Kwenye ligi ya watu 12, anayeongoza hupata pointi 12 na wa mwisho pointi 1. Zipo pia ligi za kukutana ana kwa ana kila wiki, na ligi za pointi ambazo kila tendo lina bei yake. Aina ya ligi yako inabadilisha sana jibu la swali la thamani. Soma sehemu ya tatu hapa chini.

ACL ni nini hasa?

Ni kano iliyo ndani ya goti, inayopita kwa mshazari kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa muundi. Kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze mbele na goti lisijipinde mtu anapogeuka, kusimama ghafla au kutua kutoka juu. Kutembea barabarani iliyonyooka bila hiyo kano kunawezekana. Kugeuka kwa kasi kati ya besi mbili bila hiyo kano ni jambo jingine kabisa.

Ikikatika yote haijiungi yenyewe. Daktari wa upasuaji huchukua kipande cha kano, mara nyingi cha mgonjwa mwenyewe kutoka chini ya pia ya goti au nyuma ya paja, akatoboa njia kwenye mifupa miwili na kukikaza humo.

Acuña aliumia lini na vipi?

Mara ya kwanza ilikuwa 10 Julai 2021, Miami. Jazz Chisholm Jr. alipiga mpira mrefu kuelekea ukuta wa kulia, Acuña akaruka kuudaka, akatua vibaya kwa mguu wa kulia. Alijaribu kutembea, akaanguka, akatolewa kwa kigari. ACL ya goti la kulia ilikuwa imekatika. Alikuwa na homurani 24 katika mechi 82. Braves walitwaa ubingwa wa dunia mwaka ule bila yeye.

Mara ya pili ilikuwa 26 Mei 2024, Pittsburgh, na hakuna aliyemgusa. Alikuwa amefungua mechi kwa pigo la besi mbili. Akiwa besi ya pili alianza kuelekea ya tatu wakati mdakaji akiurudisha mpira kwa mrushaji, akaona hatafika, akakanyaga kwa nguvu ili ageuke, na goti la kushoto likakubali kupinda. Alikaa chini dakika kadhaa akionyesha mguu, kisha akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Kipimo cha MRI kikaonyesha kano imekatika yote.

Kwa meneja wa fantasi kuna somo la haraka hapo: mchezaji kutoka uwanjani akitembea hakuthibitishi kitu. Subiri MRI kabla ya kuuza au kupumua.

Orodha ya majeruhi ina maana gani kwa siku zangu?

Mpigaji akiwekwa kwenye orodha ya siku 10, hawezi kucheza kabla ya siku hizo kwisha. Timu inaweza kurudisha tarehe nyuma hadi siku tatu ikiwa hakucheza siku hizo, kwa hiyo mara nyingine kilichobaki ni siku saba tu. Warushaji wana orodha ya siku 15. Orodha ya siku 60 ni kwa majeraha makubwa, na anayewekwa huko hahesabiwi kwenye wachezaji 40 wa timu, ndiyo sababu timu huitumia inapohitaji nafasi.

Kuhamishwa kutoka siku 10 kwenda 60 katikati ya matibabu hakumaanishi kila mara kwamba hali imekuwa mbaya. Hesabu huanzia siku alipowekwa kwanza kwenye orodha, si siku ya kuhamishwa.

## Safari ya kupona

ACL huchukua miezi mingapi kwa mlinzi wa uwanja wa nje?

Tisa hadi kumi na miwili, kwa mpangilio unaofanana na huu:

- Wiki 2 za mwanzo: magongo, kupunguza uvimbe, kulinyoosha goti lote. Goti lisilonyooka mapema huleta shida miezi yote inayofuata.
- Hadi mwezi wa 3: kujenga misuli ya paja. Kipindi hiki ndicho cha kudanganya, maana maumivu yamekwisha ilhali kipande kilichopandikizwa kiko dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Kinakuwa kikipata mishipa mipya ya damu.
- Miezi 3 hadi 5: kukimbia mbele bila kukata kona, na kuanza kupiga mpira taratibu.
- Miezi 5 hadi 8: mbio za kasi, kugeuka, kurusha kutoka mbali, kukimbia kuzunguka besi.
- Mwezi wa 9 na kuendelea: mechi.

Kalenda peke yake haitoshi. Wataalamu wa viungo hutaka mguu uliopasuliwa uwe na angalau asilimia 90 ya nguvu za mwenzake, na mchezaji afaulu majaribio ya kuruka kwa mguu mmoja. Anayerudi kabla ya miezi tisa ana hatari kubwa zaidi ya kuumia tena. Ukisoma habari kwamba mchezaji «yuko mbele ya ratiba» mwezi wa tano, furahi kidogo tu.

Kwa nini mara ya kwanza alirudi mapema kuliko mara ya pili?

Mara ya kwanza alicheza tena 28 Aprili 2022, miezi tisa na nusu baada ya kuumia. Mara ya pili alirudi 23 Mei 2025, siku chache tu kabla ya mwaka kutimia. Braves walikuwa na sababu ya kutokimbilia: alishapasuliwa goti la pili sasa, na msimu wa 2022 ulikuwa umeonyesha kwamba kuruhusiwa kucheza na kuwa yule wa zamani ni vitu viwili.

Kurudi kwa pili kulianza kwa kishindo. Nyumbani Atlanta dhidi ya San Diego Padres, mrusho wa kwanza kabisa aliotupiwa na Nick Pivetta aliupiga futi 467, kama mita 142.

Takwimu zake zinasema nini kabla na baada ya kila jeraha?

| Msimu | Mechi | Wastani | Homurani | Besi za kuiba |
|---|---|---|---|---|
| 2021 (kabla ya goti la kulia) | 82 | .283 | 24 | 17 |
| 2022 (kurudi mara ya kwanza) | 119 | .266 | 15 | 29 |
| 2023 | 159 | .337 | 41 | 73 |
| 2024 (kabla ya goti la kushoto) | 49 | .250 | 4 | 16 |
| 2025 (kurudi mara ya pili) | 95 | .290 | 21 | 9 |

Angalia mstari wa 2022 na wa 2025 pamoja, kwani hapo ndipo penye jibu la maswali mengi kwenye ukurasa huu. Ukivipeleka kwenye msimu wa mechi 150, mwendo wa 2022 ni homurani 19 na besi 37. Mwendo wa 2025 ni homurani 33 na besi 14. Mtu mmoja, jeraha la jina moja, upasuaji wa aina moja. Mara ya kwanza kilichopotea ni nguvu ya kupiga, mara ya pili kilichopotea ni wizi wa besi.

Kwa hiyo usipunguze bei ya majeruhi kwa asilimia fulani ya jumla. Uliza jeraha limechukua kipengele gani, kisha punguza hicho.

Mguu upi umeumia: kuna tofauti?

Ipo kwa mpigaji. Acuña hupigia upande wa kulia, kwa hiyo mguu wa kulia ndio wa nyuma, unaobeba uzito na kuusukuma mbele, na wa kushoto ndio wa mbele, unaokita chini na kuuzuia mwili ili nyonga na rungu vizunguke. Goti la kulia lililopasuliwa 2021 lilikuwa la kusukuma, na 2022 mipira yake mingi haikwenda mbali kama awali. Sisemi mguu ndio sababu pekee. Kambi ya mazoezi isiyokamilika ilichangia pia. Lakini ukisoma habari ya goti, jambo la kwanza la kutafuta ni upande anaopigia.

Kwenye mbio magoti yote mawili yana kazi, hasa kwenye kusimama ghafla na kurudi besi ya kwanza mrushaji anapogeuka.

Je, besi 73 zitarudi?

Mimi singelipia hilo hata kidogo. Mwaka 2023 sheria zilibadilika: besi zilipanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akawekewa saa ya kupima muda wa kurusha, na akaruhusiwa kujitoa kwenye kilima anachorushia mara mbili tu kwa kila mpigaji bila adhabu. Ligi nzima ilipanda kutoka besi 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Acuña aliyapokea mabadiliko hayo akiwa na miaka 25 na goti moja zima. Sheria bado zipo. Goti la pili halipo kama lilivyokuwa.

Besi 15 hadi 25 kwa msimu mzima ni matarajio ya haki kwa mtu aliyetoka kwenye mwendo wa 14. Zikizidi, ni ziada.

Anapoanza mechi za majaribio kwenye ligi ndogo, nitazame nini?

Mpigaji anaruhusiwa siku 20 za majaribio. Baada ya hapo lazima arudishwe kwenye kikosi au majaribio yasimamishwe. Kwa Braves, kituo cha mwisho kwa kawaida ni timu yao ya ligi ndogo ya Gwinnett, jirani na Atlanta.

Wastani wake huko usiuangalie. Warushaji ni wa kiwango kingine na mechi ni chache. Angalia haya: amecheza uwanjani vipindi vyote tisa au ametolewa cha tano? Amecheza siku mbili mfululizo? Siku ya tatu? Amejaribu kuiba besi au kutoka besi ya kwanza hadi ya tatu? Mchezaji anayepiga homurani mbili lakini bado hajacheza siku mbili mfululizo yuko mbali kuliko kichwa cha habari kinavyosema.

## Thamani yake kwenye kikosi chako

Nimpangie nafasi gani siku ya kuchagua wachezaji?

Anza na mechi, si jina. Tangu 2021 amecheza mechi 82, 119, 159, 49 na 95. Mpe 130 hadi 135. Weka mwendo wa 2025 kwa homurani na mikimbio (mikimbio 74 katika mechi 95 ni 117 kwa mechi 150), na besi kama zilivyoelezwa juu. Utapata mchezaji wa raundi ya kwanza au mwanzo wa ya pili kwenye ligi ya watu 12, bila kuhitaji muujiza wowote.

Kwenye ligi za mnada, ambako bajeti ya kawaida ni dola 260 kwa wachezaji 23, hatari ya jina kubwa ni kulipia msimu wa 2023. Andika bei yako ya mwisho kabla mnada haujaanza, na ikipita mwachie mwenzako. Ukitaka besi zake, zinunue kwa mtu mwingine wa bei nafuu, kisha mlipie Acuña kwa rungu lake.

Mchezaji yuko nje hadi Mei. Nikimchagua napoteza kiasi gani hasa?

Hesabu kwa wiki, na usisahau mbadala. Msimu una wiki kama 26, mechi sita kwa wiki. Mchezaji akikosa wiki 8, amekosa kama mechi 48. Zilizobaki 114, toa za kupumzishwa, zibaki 100. Kwa mwendo wa Acuña wa 2025, mechi 100 ni homurani 22. Wiki zile 8 hazikai tupu: mlinzi wa nje wa kawaida unayemwokota sokoni, wa homurani 18 kwa msimu, anakupa kama 5. Nafasi ile kwa mwaka mzima imekupa 27.

Hesabu hii inasimama kwa sharti moja: ligi yako iwe na nafasi ya majeruhi ya kumweka. Bila nafasi hiyo anakula benchi yako miezi miwili, na kwenye ligi yenye benchi ya watu watatu gharama hiyo huwa kubwa kuliko homurani utakazopata.

Ligi yangu inahesabu asilimia ya kufika besi, au pointi. Inabadilisha nini?

Inampandisha. Mwaka 2025 wastani wake wa kupiga ulikuwa .290, lakini asilimia ya kufika besi ilikuwa .417, kwa kuwa warushaji wanamwogopa na yeye haufuati mpira mbaya. Kwenye ligi hizo uhaba wa besi za kuiba hauumizi sana. Kwenye ligi ya vipengele vitano ya kawaida unaumiza zaidi.

Ni wakati gani mzuri wa kumnunua kwa mwenzangu?

Kuna madirisha mawili. La kwanza ni wiki za katikati ya matibabu, habari zinapokauka: mwenye mchezaji anaona nafasi tupu kila siku, timu yake inashuka, na ofa yako ya mchezaji anayecheza leo inaonekana tamu. La pili ni wiki ya pili na ya tatu baada ya kurudi, hasa akianza vibaya.

Katika dirisha hilo la pili tazama vipimo kabla ya wastani, vinapatikana bure kwenye tovuti ya Baseball Savant. Mipira inayotoka kwenye rungu kwa maili 95 kwa saa (kilomita 153) au zaidi ikiwa mingi kama zamani, nguvu ipo na matokeo yatafuata. Kwa mbio, kasi ya wastani ya ligi ni futi 27 kwa sekunde, na 30 ni ya wachache sana. Aliyeshuka kasi na pia haibi, usimlipie besi.

Wakati mbaya wa kununua ni siku ya homurani ya kwanza. Usiku ule wa futi 467 hakukuwa na meneja aliyekuwa tayari kumtoa kwa bei ya kawaida.

Niko Afrika Mashariki. Nitajuaje kama anaanza?

Atlanta iko nyuma yetu kwa saa saba msimu wote wa besiboli. Mechi ya kiasi cha saa moja usiku huko ni saa nane usiku Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Vikosi kwa kawaida hutangazwa muda wa saa tatu au nne kabla ya mechi, yaani saa nne hadi saa tano usiku kwetu. Weka kumbukumbu ya simu saa tano usiku na upange kikosi kabla ya kulala. Ligi ambayo kikosi hupangwa mara moja tu kwa wiki inakufaa zaidi kama huwezi hilo, lakini huko mchezaji anayepumzishwa siku mbili kwa wiki anakugharimu, maana huwezi kumtoa.

## Majeraha mengine ya walinzi wa nje

Timu imesema wiki sita. Niamini?

Chukua kama kiwango cha chini. Mike Trout aliumia shavu la mguu wa kulia 17 Mei 2021. Ikasemwa wiki sita hadi nane. Hakucheza tena msimu ule. Aaron Judge alipigwa na mpira kwenye kifundo cha mkono 26 Julai 2018, ikasemwa wiki tatu. Alirudi 14 Septemba, wiki saba. Kyle Tucker alijipiga mpira kwenye muundi mwanzoni mwa Juni 2024, ikaitwa mchubuko tu; baadaye ikagundulika mfupa ulikuwa na ufa, akarudi Septemba.

Timu si kwamba zinadanganya. Ufa mwembamba mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kwanza, na misuli ya shavu la mguu hupona kwa kutembea lakini hukataa mbio za kasi. «Mchubuko» usiopoa ndani ya siku kumi, uhesabu kama mfupa.

Nyama za paja je?

Hili ndilo la kawaida zaidi. Mchaniko mdogo ni wiki mbili hadi tatu, wa kati ni nne hadi nane, na mkubwa unaweza kumaliza msimu. Kipengele kinachopotea ni besi za kuiba, hata baada ya kurudi, kwa mwezi mzima au zaidi. Homurani haziguswi sana. Tahadhari moja: hujirudia mno ndani ya wiki chache za mwanzo.

Na bega, kiganja, au kiwiko?

Bega la mbele la mpigaji ndilo la kuogopa. Cody Bellinger hupigia kushoto, kwa hiyo bega la kulia ndilo la mbele. Aliliteguza akishangilia homurani Oktoba 2020, akapasuliwa, na 2021 akapiga .165 na homurani 10 katika mechi 95. Alirudi kuwa mpigaji wa .307 mwaka 2023 tu. Jeraha hili hukuchukulia wastani na homurani pamoja, na hudumu kuliko tangazo la timu.

Kijifupa cha hamate, kilicho kiganjani upande wa kidole cha mwisho, huvunjwa na kitako cha rungu. Hutolewa, na mchezaji hurudi baada ya wiki nne hadi nane. Nguvu ya kupiga huchelewa kurudi, kwa hiyo nunua wastani wake, usinunue homurani za mwezi wa kwanza.

Kiwiko humzuia mlinzi wa nje kurusha, si lazima kupiga. Bryce Harper alifanyiwa upasuaji wa Tommy John (wa kano ya kiwiko) Novemba 2022 na alikuwa akipiga tena 2 Mei 2023 kama mpigaji maalumu, yaani anayepiga tu bila kulinda. Hilo linazua swali la nafasi. Tazama hapa chini.

## Hali tata

Mchezaji wangu amerudishwa kikosini na sasa programu inanikatalia kusajili mtu. Kwa nini?

Umemwacha kwenye nafasi ya majeruhi akiwa si majeruhi tena. Yahoo na ESPN hufunga usajili mpaka umtoe hapo, na kumtoa kunahitaji nafasi kwenye kikosi. Amua mapema nani ataachwa, tangu siku ya tano au ya sita ya majaribio, ili usilazimike kumwacha mtu mzuri saa nane usiku. Kumbuka pia kwamba kumrudisha hakumwingizi kwenye kikosi kinachoanza. Wengi humsahau benchi usiku wa kwanza.

Amerudi lakini anapiga tu, halindi. Nitapoteza haki ya kumtumia kama mlinzi wa nje?

Msimu huu hapana, kama tayari alikuwa nayo. Shida ni msimu unaofuata. Acuña alitumika mara nyingi kama mpigaji maalumu 2022, lakini alicheza uwanjani vya kutosha. Harper alirudi akahamia besi ya kwanza, na wenye ligi za kudumu, ambako wachezaji hubaki nawe msimu hadi msimu, wakampoteza mlinzi wa nje. Soma sheria ya idadi ya mechi kwenye jukwaa lako, kwa kuwa kila moja lina yake.

Mwisho wa Julai 2025 aliondoka uwanjani tena. Lilikuwa goti?

Hapana. Ilianza kama kukaza kwa kano ya kisigino cha mguu wa kulia huko Kansas City, ikaandikwa kuwa ni shavu la mguu, akarudi katikati ya Agosti. Alimaliza mwaka na tuzo ya kurejea bora ya National League. Majeraha madogo ya misuli mwaka wa kwanza baada ya ACL ni jambo la kutarajia, kwani mwili hugawa mzigo upya. Yaweke kwenye hesabu ya mechi 130, usiyaweke kwenye hofu ya goti.

Kwenye ligi ya kudumu, nimwuze sasa?

Ametimiza miaka 28 Desemba 2025, na mkataba wake una chaguo la timu la dola milioni 17 kwa 2027 na jingine kama hilo kwa 2028, kwa hiyo mazingira yake hayabadiliki karibuni. Rungu lake lina miaka kadhaa mbele. Mbio ndizo zinazozeeka kwanza kwa mchezaji yeyote, na kwake zina makovu mawili.

Ukipata mtu anayemlipia kama mwizi wa besi 40 au zaidi, uza. Ukipewa bei ya mpigaji wa homurani 30 na asilimia kubwa ya kufika besi, hiyo ni bei yake halisi, na hapo uamuzi unategemea kama timu yako inawania ubingwa mwaka huu.

Ratiba ya wiki ina viwanja vya nyasi bandia. Nimkalishe?

Usimkalishe kwa hofu. Angalia tu kikosi kila usiku. Toronto, Arlington, Phoenix na Miami zina nyasi bandia, na Miami iko kundi moja na Atlanta, kwa hiyo Braves huenda huko kila mwaka. Timu hupenda kumpumzisha anayetoka kwenye goti mechi moja katika mfululizo wa namna hiyo, mara nyingi ya mchana baada ya mechi ya usiku. Kwenye ligi ya kila siku, mlinzi wa nje wa ziada benchi wiki hiyo anatosha.